Zinki Isiyolika

Wageni waliofika kwenye chelezo kile kwa mara ya kwanza hawakushtushwa na kelele za mashine wala harufu ya rangi. Walishtushwa na mama mtu mzima, mwenye miwani na ovaroli iliyopigwa pasi, anayeinama chini ya sakafu ya boti, anachovya kidole kwenye maji yaliyotuama humo, kisha anakitia mdomoni. Anatafakari kidogo, anatema pembeni, halafu anatoa hukumu. "Haya ni ya kiyoyozi. Sinia limeziba, lizibueni." Au anasema kwa sauti ileile, bila haraka, "Haya ni ya bahari," na hapo mafundi wote huanza kukimbia.

Tuseme ukweli, si jambo la kupendeza kulitazama. Lakini lina akili. Kiyoyozi cha boti hutokwa na jasho, na jasho lile ni maji matamu yanayodondokea kwenye sinia lake na kumwagwa nje. Maji ya bahari nayo yana mabomba yake: yanavutwa kutoka chini ya boti, yanapita kwenye kondensa, chombo kinachopoza gesi ya kiyoyozi, kulichukua joto, yanarudi yalikotoka. Yakionekana yanatembea nje ya mabomba hayo, boti linaumwa. Ukiyatazama gizani, maji haya na yale ni pacha. Wengine walikuwa na vipimo vyao vya kununua. Yeye alikuwa na ulimi, na kwa miaka ishirini na sita haukumkosea hata siku moja. Ndiyo maana gati zima lilimwita Mama Chumvi, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye karatasi za serikali tu.

Hakuna aliyemchukia adui kama yeye alivyoichukia chumvi. Aliisema kama mtu anavyomsema jirani mchawi, kwa sauti ya chini na kwa mifano. "Chumvi haina likizo," aliwaambia mafundi. "Wewe unalala, yeye yuko kazini. Wewe uko harusini, yeye yuko kazini." Kila kiyoyozi alichokihudumia alikisafisha mabomba kwa maji ya bomba la mjini, kwa dakika ishirini zilizohesabiwa kwa saa ya mkononi, si kwa kukisia. Mahali shaba ilipokutana na chuma aliweka kipande cha plastiki katikati, kwa sababu, alisema, hao wawili wakigusana kwenye unyevu ni ugomvi wa ndoa, lazima mmoja aumie. Kila sinia alilipaka rangi, kila bano alilipiga grisi, kila waya ulioonyesha kijani mdomoni aliukata na kuufunga upya. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wengi wetu tunalisema hilo tukiwa tumekaa, yeye alilifanya akiwa amelala chali kwenye chumba cha injini, tochi mdomoni.

Hakuzaliwa humo. Alianzia kwenye duka la mjomba wake lililokuwa linatengeneza mafriji, akifagia na kushika bisibisi, mpaka siku mjomba alipougua na mteja akafika akiwa na hasira. Msichana yule akalifungua friji, akaliziba palipovuja, akalijaza gesi, na mteja akaondoka bila kujua aliyemhudumia hakuwa fundi bado. Miaka minne baadaye alikwenda gatini kuomba kazi. Msimamizi wa wakati huo alimtazama akasema chumba cha injini hakina nafasi ya sketi. Kesho yake akarudi na ovaroli. Alikuwa ameshonewa usiku kucha na mchumba wake, fundi cherehani, nayo ilikuwa na mfuko mrefu mguuni wa kutia bisibisi na mwingine mdogo kifuani wa miwani ambayo wakati huo hata hakuwa nayo. "Macho yatachoka tu," mchumba alisema. "Bora mfuko ufike kwanza." Mchumba huyo ndiye mumewe hadi leo, na ovaroli zake zote ameshona yeye.

Sasa ni lazima nieleze zinki, maana bila zinki hadithi hii haina miguu.

Ndani ya kondensa ya boti kuna kizibo cha shaba nyeupe, na kwenye ncha ya kizibo kile kumefungwa kipande cha zinki, unene na urefu wa kidole cha mtoto. Kazi yake ni moja: kufa. Mama Chumvi aliwaeleza manahodha hivi: "Ukikutanisha madini mawili kwenye maji ya chumvi, umeme mdogo unaanza kutembea, na kuna mmoja ataliwa. Anayeliwa ni yule dhaifu. Basi sisi tunampa zinki, aliwe yeye, kondensa isalimike. Zinki ikitoka imeliwa, furahi. Zinki ikitoka nzima, jiulize ni nani aliyeliwa badala yake." Wengi walicheka, lakini waliikumbuka.

Vizibo vile vilikuwa na kasoro moja ndogo: vilipenda kutoa jasho. Tone moja la maji ya bahari lingejipenyeza kwenye meno ya skrubu, likakauka nje, likaacha ukoko mweupe, na ukoko ule ukaanza kuitafuna kondensa kwa nje. Kwa Mama Chumvi hilo lilikuwa tusi. Akatoa amri kwa karakana nzima: kila kizibo kivishwe tepu nyeupe ya mafundi bomba, mizunguko sita, si mitatu, si minne, kisha kikazwe mpaka kisitoe hata unyevu. Jasho likakoma. Akasifiwa, na akazipokea sifa hizo bila kujifanya anazikataa.

Kulikuwa na fundi mmoja pale waliyemwita Kasi. Walimwita hivyo kwa sababu alikuwa mzito wa kila kitu: wa kutembea, wa kula, wa kujibu salamu. Ukimuuliza saa ngapi, akimaliza kukujibu saa imeshabadilika. Lakini mikono yake ilikuwa safi, na alifuata maagizo neno kwa neno. Miaka miwili kabla ya haya ninayoyasimulia, boti jeupe alilolihudumia yeye lilikufa kiyoyozi katikati ya safari, limejaa abiria, vioo vyake vyote ni vya kugandishwa visivyofunguka. Kondensa ilikuwa imetoboka, maji ya bahari yameingia kwenye njia za gesi, kompresa, pampu ya gesi, imeungua. Bibi mmoja akazimia kwa joto, na alilala hospitalini siku tatu. Wenye boti wakataka mtu.

Mama Chumvi aliitwa kuchunguza. Mbele ya gati zima akakifungua kizibo, akakitoa, na watu wote wakaona: zinki nzima, ina kona zake zote.

"Hii ina muda gani?" akauliza.

"Miezi saba," Kasi akasema.

"Kondensa imeliwa mpaka imetoboka, zinki haijaguswa?"

"Miezi saba, Mama. Niliweka mwenyewe."

"Hii imewekwa jana," Mama Chumvi akasema. "Ulipoona mambo yameharibika ukaja ukaweka mpya kufunika. Humo ndani hapakuwa na zinki muda wote huo."

Kasi alifungua mdomo. Kwa kawaida yake alihitaji muda wa kuyapanga maneno, na kabla hajayapanga kikao kilikuwa kimevunjika. Alifukuzwa siku ileile, na hakuna nahodha aliyemruhusu tena kukanyaga boti lake. Baada ya hapo Mama Chumvi aliongeza amri nyingine: kila kizibo kichongwe tarehe kwa ncha ya msumari siku kinapofungwa, ili asitokee Kasi mwingine.

Sasa tufike kwenye wiki yenyewe.

Mkuu wa karakana alikuwa anastaafu. Msimamizi wa gati, ambaye kwa Mama Chumvi ni shemeji, mdogo wake mumewe, alimjia Jumatatu akitabasamu mpaka masikioni. "Shemeji, Ijumaa wanatangaza. Ni wewe. Nimeiona barua kwa macho yangu." Miaka ishirini na sita ya kulala chali, na hatimaye angepewa meza, kiti, na mlango wenye cheo chake. Msidhani hakukitaka. Alikitaka sana. Alishaamua hata dirisha lile angeliwekea pazia la rangi gani, na mumewe alishapima kitambaa.

Jumatano asubuhi akaingia kwenye boti kubwa la abiria kwa huduma ya kawaida. Boti hilo lilikuwa lake, yaani hakuna mkono mwingine uliogusa kiyoyozi chake. Akafunga maji, akalegeza kizibo kwa spana, akatayarisha kitambaa cha kupokea mabaki ya zinki iliyoliwa. Kikatoka kidole kizima cha zinki.

Wazo la kwanza lilikuwa lilelile la siku ile: kuna mtu ameweka mpya. Akakigeuza kizibo kutafuta tarehe. Ilikuwepo, ya miezi minane iliyopita, na baada yake nukta tatu ambazo alizichonga yeye peke yake ili asiibiwe mwandiko. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nukta zilikuwa tatu bado.

Hakuwa mtu wa kukaa akijiuliza wakati ana kifaa mkononi. Akachukua testa, ile inayolia nyaya zake zikigusa vitu viwili vilivyoungana kwa umeme. Akakirudisha kizibo na tepu yake, mizunguko sita, akakikaza. Akaweka ncha moja kwenye kizibo na nyingine kwenye mwili wa kondensa. Kimya. Akatoa kizibo, akaibandua tepu yote, akakifunga kitupu, chuma kwa chuma. Testa ikalia. Akavisha tepu tena, kimya. Akabandua, ikalia. Alirudia mara nne kama mtu anayesoma barua mbaya akitumaini maneno yatabadilika.

Basi tepu ndiyo iliyokuwa ukuta. Zinki haiwezi kumfia mtu asiyegusana naye. Ilikuwa imekaa humo miezi minane, imevishwa nguo nene za plastiki, inaning'inia kwenye maji salama salmini, na chumvi ikamla mwenye nyumba. Mahali pengine meno ya skrubu yaliichana tepu, chuma kikagusana na chuma, zinki ikaliwa inavyotakiwa, na hivyo kwa miaka hakuna aliyeshtuka. Mahali pengine haikuchanika. Alimulika ndani ya tundu kwa tochi. Ukuta wa kondensa ulikuwa umejaa vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Akausukuma kidogo kwa ncha ya bisibisi na vipande vya kijani vikamdondokea mkononi. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja, labda miwili, kabla haujatoboka.

Ndipo alipomkumbuka Kasi, na sauti yake nzito ikisema miezi saba, Mama, niliweka mwenyewe. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, naye alikuwa amelisema mara elfu kuhusu kutu. Hakuwahi kufikiri angelisema kuhusu amri aliyoitoa yeye mwenyewe.

Chumba cha kushonea cha mumewe hakikuwa mbali na lango la gati. Alimkuta amepinda juu ya cherehani, pini tatu mdomoni. Akamweleza yote akiwa amesimama. Mumewe akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na testa."

"Testa haina mdomo."

"Inao. Ndiyo iliyoniambia."

Mumewe akacheka kidogo, kisha akaacha. Kwenye meza, kitambaa cha pazia kilikuwa kimeshakatwa. "Unaweza kuirekebisha kimyakimya," akasema. "Leo unabadilisha amri. Unasema umepata njia bora. Vizibo vinafungwa upya, boti zinapona, hakuna anayeumia."

"Baba, nimeshaliwaza hilo. Nimeliwaza njia nzima mpaka hapa."

"Na?"

"Na Kasi anatengeneza mafriji ya watu kwenye baraza."

Mumewe akaupitisha mkono juu ya kitambaa, akakilainisha mikunjo. "Ulipomsema," akauliza, "ulimsema mbele ya watu wangapi?"

"Gati zima."

"Basi si umeshajijibu." Akakikunja kile kitambaa cha pazia, akakiweka kwenye rafu ya juu kabisa, akarudi kwenye cherehani.

Kulisema ni rahisi kwangu mimi niliyekaa. Wapo mafundi hodari ambao wangekufa na siri hiyo, na mazishini tungewasifu. Mama Chumvi alirudi gatini kabla ya chakula cha mchana kuisha, wakati watu wote wako kwenye kivuli cha karakana, na akapanda juu ya kreti la vipuri kwa sababu si mrefu. Mkononi alikuwa na kizibo, zinki yake nzima, na testa.

"Sikilizeni. Nina neno moja na onyesho moja."

Akaonyesha. Alivisha tepu, testa ikanyamaza, alibandua, ikalia. Wale ni mafundi, hawakuhitaji hotuba. Yule wa mbele alikuwa ameshaacha kutafuna.

"Amri ya mizunguko sita ilikuwa yangu," akasema. "Boti jeupe la miaka miwili iliyopita liliuawa na amri yangu. Kasi alifanya nilichomwagiza. Zinki ile haikuwekwa jana. Alisema miezi saba, na ilikuwa miezi saba. Mimi ndiye niliyesema uongo, ingawa sikujua kwamba ni uongo. Kuanzia sasa hivi boti zote zinafunguliwa. Meno mawili ya mwanzo yanabaki wazi bila tepu, na kila kizibo kinafungwa waya wa shaba kwenda kwenye mwili wa kondensa. Na kila kizibo kinapimwa kwa testa, mimi nikiangalia."

Shemeji yake alimshusha kwenye kreti kwa kumshika kiwiko, taratibu, kama anayemsaidia mgonjwa, akampeleka nyuma ya matangi.

"Shemeji, Ijumaa ni kesho kutwa. Ungesubiri siku mbili. Mbili tu."

"Nilimsubirisha Kasi miaka miwili."

"Hukujua."

"Sasa najua. Ukijua kitu saa nne, ukakisema Ijumaa, huko katikati ulikuwa nani?"

"Mficha maradhi kifo humuumbua, sawa, nakubali," shemeji akasema, akijifuta uso. "Lakini hata mgonjwa huchagua saa ya kwenda hospitali."

"Mgonjwa si mimi, shemeji. Mgonjwa ni boti, na jioni linapakia watu. Nenda ukalisimamishe kabla nahodha hajawasha injini."

Akaenda. Huyu shemeji si mtu mbaya. Alitaka tu mke wa kaka yake apate mlango wenye cheo. Boti likasimamishwa, abiria wakalaani, wakahamishiwa kwenye boti la wazi lenye upepo wa bure. Siku mbili zile Mama Chumvi na wenzake walifungua boti kumi na moja. Katika nne zinki zilitoka nzima. Katika moja ya hizo nne kondensa ilibonyea ilipoguswa kwa kidole gumba. Ijumaa hakikutangazwa chochote. Barua ilisema uteuzi umeahirishwa mpaka uchunguzi ukamilike, na shemeji alipomsomea, Mama Chumvi alikuwa chali chini ya sakafu. "Waahirishe," sauti ikatoka chini. "Nipe spana namba kumi na saba."

Jumamosi alasiri alivaa gauni, jambo ambalo lilimfanya mumewe amtazame mara mbili, akaenda kumtafuta Kasi.

Ilikuwa nyumba ya matofali isiyopakwa rangi, kwenye mtaa ulio mbali na maji kiasi kwamba harufu ya bahari haifiki. Barazani palikuwa na mafriji matatu yaliyosimama bila milango. Kasi alikuwa amechuchumaa nyuma ya la nne. Alipomwona hakuinuka haraka, lakini hilo halikuwa na maana yoyote, hakuwahi kuinuka haraka. Akamletea stuli. Akaifuta kwanza.

Mama Chumvi hakuanza na habari za watoto wala za afya. Alijua akianza nazo atazirefusha. Akatoa kizibo mkobani, akakiweka juu ya friji, akasimulia kuanzia zinki nzima mpaka kreti la vipuri. Kasi alisikiliza akikitazama kizibo. Alipomaliza, safari hii Mama Chumvi hakumharakisha. Alimwachia muda wote aliouhitaji.

"Mizunguko sita," Kasi akasema mwishowe.

"Mizunguko sita."

"Ulituambia tukaze mpaka kisitoe hata unyevu."

"Niliwaambia. Nimekukosea, Kasi. Nilikuhukumu kwa kosa langu, mbele ya watu, na sikukupa nafasi ya kumaliza sentensi. Niko hapa kukuomba msamaha, na kama hutaki kunipa ni haki yako. Kazi yako ipo. Na nimeshalisema hili mbele ya walewale."

Kasi akakichukua kizibo, akakigeuza, akaipitisha kucha yake kwenye zile nukta tatu. Hakuwa na hasira usoni. Alionekana kama mtu aliyechoka ambaye amesogezewa kiti.

"Mama," akasema, "mimi nilijua sijafanya. Kila siku niliamka nikijua. Kwa hiyo mimi hujaniambia kipya." Kisha akageukia mlango, akaita, "Mwalimu. Njoo kidogo."

Mkewe akatoka, mwalimu wa shule ya msingi, kalamu nyekundu mkononi na daftari la mwanafunzi limebanwa kwapani. Alipomtambua mgeni uso wake ukafungika. Akasalimia kwa sababu alilelewa vizuri.

"Mwambie yeye," Kasi akasema.

Basi Mama Chumvi akasimama, akaanza upya. Mbele ya gati zima alilisema bila kusita. Hapa alianza mara mbili akapotea. Mbele ya mafundi alikuwa na testa na onyesho. Mbele ya mwanamke huyu alikuwa na maneno tu, na ilibidi ayaseme yote: kwamba alimwita mumewe mwongo, kwamba aliaminiwa kwa sababu ya jina lake, kwamba jina lile lilikuwa na kosa ndani yake. Mwalimu alisikiliza bila kukatiza, kama anavyosikilizwa mtoto anayesoma kwa shida. Mwishoni akauliza swali moja.

"Kwa hiyo zinki ile haikuwa mpya?"

"Haikuwa mpya. Ilikuwa na miezi saba. Kama alivyosema."

Daftari likateleza kwapani, likaanguka. Mwalimu hakuliokota. Alimtazama mumewe, na Mama Chumvi akaona hapana nafasi yake tena katika mazungumzo yale, lakini njia ya kutoka barazani ilikuwa nyuma yao.

"Nilikuwa nakuambia nakuamini," mwalimu akasema. "Siku ile ya kwanza nilikuambia. Juzi nimekuambia."

"Ndiyo."

"Baba watoto, sikuwa nakuamini. Nilikuwa nakuhurumia."

"Nilijua," Kasi akasema. Akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, bila kumwondolea macho. "Sauti ya huruma ni tofauti. Sasa niambie tena."

Mwalimu akaanza neno, akaliacha, akainama kuokota daftari. Kasi akangoja. Kungoja alikuweza kuliko mtu yeyote gatini, na Mama Chumvi, ambaye siku ile gatini hakumpa mtu huyu hata dakika moja, alisimama kando ya friji lisilo na mlango akangoja naye.